Wiki Tuliyomtafuta Palahala

Mwezi uliopita binti yangu alileta karatasi ya shule ili nitie sahihi. Darasa lao linapelekwa Pwani kwa wiki moja. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kazini, nimejibwaga kwenye kochi hapa mtaa wa Tena, koti bado mwilini, miguu imeumuka kama mandazi. Akaniuliza, "Mami, wewe ushawahi kufika Coasto?" Nikamwambia nilikaa huko wiki nzima nilipokuwa na miaka kumi, na sikugusa maji ya bahari hata kwa ncha ya kidole. Akacheka, akadhani namtania. Nikatia sahihi, akachukua karatasi yake akaenda, nami nikabaki pale nimeshindwa kuinuka. Habari yenyewe ilikuwa imeshaanza kujisimulia kichwani. Basi keti, ndugu yangu, nikusimulie wewe.

Wakati huo tulikuwa Kaloleni ya Nairobi, watu wanne katika nyumba ya kaunsili ambayo babu alipangishwa alipokuwa mfanyakazi wa reli: Baba, Mama, kaka yangu aliyekuwa na miaka kumi na minne, na mimi. Mama alikuwa Mluhya kutoka magharibi, msafishaji katika ofisi moja mjini. Aliondoka asubuhi na mapema kwa miguu, akarudi jioni kwa miguu, na akishafika alianza kazi ya pili, ile isiyo na mshahara. Sikumbuki kumwona ameketi bila kitu mkononi. Kama si sufuria ni nguo, kama si nguo ni mboga ya mrenda ya kuchambua.

Baba alikuwa Mkamba, mchongaji wa vinyago. Karakana yao haikuwa mbali na kwetu, na ukipita nje yake ulisikia tezo nyingi zikigonga kwa pamoja kama mvua ya mawe juu ya mabati. Kila mchongaji pale alikuwa na mnyama wake. Kulikuwa na mtu wa twiga, mtu wa kifaru, na mzee mmoja aliyechonga viboko tu, vidogo na vinene kama viazi. Mnyama wa Baba alikuwa palahala, yule swala mkubwa mweusi mwenye pembe ndefu zinazorudi nyuma. Alifundishwa kumchonga na mjomba wake, na huyo mjomba alimpata kwenye picha ya kalenda. Si Baba wala mjomba aliyewahi kumwona akiwa hai.

Jioni Baba alileta nyumbani vile alivyovimaliza kwa tezo na patasi, na kazi ya msasa ilikuwa yetu watoto. Tuliketi mlangoni, mimi na kaka, tukisugua migongo na mapaja ya wale wanyama mpaka vumbi la mti likatujaa kwenye nyusi. Baadaye tuliwapaka rangi nyeusi ya viatu, kwa kuwa watalii walipenda mpingo na mti wetu haukuwa mpingo. Nyumba yetu ilinuka rangi ya viatu kuliko kibanda cha mng'arisha viatu. Hata ugali ulinuka harufu hiyo, na hatukuona ajabu.

Halafu siku moja alikuja mnunuzi karakanani, mtu aliyewahi kuishi karibu na mbuga, akamshika palahala wa Baba, akamgeuza huku na huku, akasema, "Fundi, hizi ni pembe za mbuzi." Wenzake wakacheka, na Baba akacheka nao. Lakini jioni alimweka palahala yule mezani, akala akimtazama, na chakula kikapoa kwenye sahani.

Wiki chache baadaye akatutangazia. "Shule zikifungwa Agosti tutaenda Pwani," alisema. "Wiki nzima. Tutatembea kwenye milima ya Shimba mpaka nimwone huyu mnyama kwa macho yangu mwenyewe."

Kaka alisikia neno Pwani tu. Asubuhi iliyofuata mtaa wote ulijua kwamba tunaenda kuogelea. Mama aliendelea kuosha sahani, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nitaomba likizo." Mama hakuwahi kuomba likizo tangu nizaliwe. Hata alipougua homa ya matumbo alirudi kazini kabla hajaweza kutembea sawasawa. Kama ningekuwa mkubwa, ningeshtuka hapo hapo.

Tulisafiri na lori la karakana lililopeleka vinyago kwenye maduka ya watalii Mombasa. Dereva alikuwa jirani yetu, akakubali kuacha njia yake atufikishe Shimba, na kutupitia Jumamosi inayofuata. Mama alikaa mbele, sisi tukakaa nyuma juu ya magunia, na kila lori liliporuka shimo, pembe au mkonga wa mtu fulani ulinidunga mgongoni. Tulikula mayai ya kuchemsha na chapati za Mama, na vumbi jekundu lilitupaka nywele mpaka tukafanana sote. Baba alikuwa mchangamfu kuliko nilivyomzoea. Alituuliza kila kitu: ule mlima unaitwaje, lile shamba ni la nini, yale ni mawe au ni ng'ombe. Kaka alimjibu mpaka akachoka.

Binamu yake Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na lango la hifadhi ya milima hiyo, na kwa kuwa shule zilifungwa alitupa darasa moja tulale. Tulisogeza madawati pamoja, tukatandika mablanketi, na ubaoni bado kulikuwa na hesabu za mtu mwingine. Asubuhi mke wa mwalimu alituletea mahamri na mbaazi za nazi. Nazi ile, ndugu yangu. Mimi niliyelelewa kwa sukuma wiki nilidhani ni kitu cha arusi. Mama alijaribu kuinuka akasaidie jikoni, na mke wa mwalimu akamrudisha kitini. "Keti, dada. Wewe ni mgeni." Mama akaketi, mikono juu ya mapaja, akiitazama kama si yake.

Kisha ikaja kutembea.

Nilifikiri tutatembea kidogo, tuone mnyama, twende baharini. Ile milima si mirefu, lakini haina adabu. Unapanda kilima cha nyasi, unafika juu unatweta, unaona kilima kingine mbele yako, na katikati kuna bonde la msitu lenye utelezi. Agosti kule juu kuna ukungu na manyunyu asubuhi. Nyasi zilitulowesha mpaka kiunoni, viatu vyangu vya shule vikafumuka. Na mahali fulani, kila siku, ukungu ukipasuka tuliiona bahari kwa mbali chini huko, mstari wa buluu mwembamba kama uzi wa kushonea. Nilikuwa nikisimama kuitazama mpaka nikaitwa.

Huruhusiwi kutembea mle bila askari wa wanyama, kwa sababu ya ndovu. Wetu alikuwa Mdigo wa makamo, mnene kidogo, mwenye bunduki kuukuu na goti baya. Alilizungumzia lile goti kama watu wanavyomzungumzia mkwe.

"Nyinyi watu wa bara mwenda kama ng'ombe wa mnada," alituambia siku ya kwanza. "Palahala ana masikio."

"Si tunaongea tu polepole," kaka akasema.

"Polepole yako, mwanangu, yasikika hadi Lunga Lunga mpakani."

Jumatatu tuliona nyani na mavi ya ndovu. Jumanne tuliona mavi ya ndovu na ndovu mwenyewe, kwa mbali, na askari akatuzungusha njia ndefu iliyokula saa mbili zaidi. Jumatano ilinyesha. Tulijibanza chini ya miti msituni, na Mama akagawa mihogo ya kuchemsha iliyopoa. Nilikuwa na malengelenge visigino vyote viwili. Kaka alikuwa amekwisha kata tamaa. "Buda ametucheza," aliniambia sikioni, akimaanisha Baba. "Hajatuleta Coasto, ametuleta shamba."

Mama alikuwa na msemo wake wa siku zote, mtembezi hula miguu yake. Nyumbani alikuwa akiusema kwa mzaha anapovua viatu. Wiki ile aliusema mara moja tu, na haukuwa mzaha. Kila jioni tukirudi darasani alituketisha kwenye dawati, mmoja mmoja, akatutoa kupe miguuni kwa kucha zake. Alianza na Baba. Kwake alichukua muda mrefu kuliko kwetu, na kwenye miundi ya Baba kulikuwa na michubuko mingi ambayo sisi hatukuwa nayo.

Sikuijali michubuko hiyo. Ninaikumbuka leo, pamoja na mengine. Baba alitembea nyuma ya askari, karibu mno, hata akawa anamkanyaga visigino.

"Bwana fundi," askari alimwambia, "njia yote hii ni yako, mbona waitaka yangu?"

"Samahani, kaka. Nafuata nyayo zako nisije nikapotea."

Alijikwaa kwenye mizizi ambayo mimi niliiruka bila kufikiri. Tulipokaa kupumzika alichukua kipande cha mti na kisu, akachonga kijiko kidogo, kizuri, bila kosa. Kwa hiyo ningejuaje? Mtu anayechonga shina la kijiko jembamba kama njiti, ungesemaje haoni?

Alhamisi jioni, tulipofika langoni, askari alisema kundi la palahala limeonekana kilima cha mwisho upande wa mashariki. Ni mwendo wa saa nne kwenda, na nne kurudi.

Baba akatugeukia sisi watoto. "Kesho ni siku ya watoto," akasema. "Niliwaahidi bahari. Tumeshamtafuta vya kutosha."

Kaka alinibana mkono kwa furaha. Mwalimu alikuwa amekwisha tupangia gari la kutupeleka. Nilikuwa nimeweka gauni langu la zamani pembeni, la kuogelea nalo.

Usiku haujaingia vizuri, tumeketi kwenye madawati, Mama alikuwa anachokonoa kupe kwenye kifundo cha Baba, akasema bila kuinua kichwa, "Kesho tunarudi mlimani."

"Mama watoto, nimewaahidi."

"Najua."

"Wamevumilia wiki nzima."

"Wataiona wakikua," Mama akasema. "Bahari haiendi mahali, na wao wana muda."

Nilisubiri ambishie, kwa sababu Baba hakuwa mtu wa kuvunja ahadi, lakini alitazama tu ubao wenye hesabu za watu. Nililia ndani ya blanketi. Kaka hakulia, alikuwa mkubwa, lakini aligeukia ukuta na hakuniitikia nilipomwita. Nilimchukia Mama usiku ule. Ninakuambia wewe kwa sababu yeye sijawahi kumwambia.

Ijumaa nilitembea wa mwisho makusudi. Nilikokota miguu nisikike. Mama alinisubiri mara mbili, mara ya tatu akaniacha. Mbingu ilikuwa wazi siku hiyo kuliko siku zote, na bahari ikaonekana vizuri, mpaka povu jeupe, nami nikakataa kuitazama.

Ilikuwa karibu saa sita mchana askari alipoinua mkono. Alichuchumaa, nasi sote tukachuchumaa kwenye nyasi. Akaelekeza kidole mteremko wa pili, ng'ambo ya bonde dogo.

Walikuwa watano. Wanne wa rangi ya kahawia, wanakula, na mmoja amesimama kando, mweusi. Lakini hakuwa mweusi wa rangi ya viatu. Alikuwa mweusi wa kung'aa jua likimpiga, na tumbo jeupe kabisa, na uso wenye mistari miwili myeupe kama amejichora kwa chaki. Shingo yake ilikuwa nene kama ya fahali, na manyoya yamesimama juu yake wima. Na pembe zilitoka kichwani zikapinda nyuma kama miundu miwili, ndefu mpaka unajiuliza anawezaje kuinua kichwa.

"Ehe," kaka alinong'ona. Hasira yake yote ilimwisha hapo. "Buda, mcheki huyo."

Baba alikuwa anatabasamu. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu. "Naam," alisema. "Naam, namwona. Mkubwa kweli."

Nilimtazama Baba, nikatazama alikokuwa akitazama. Alikuwa akitazama kichaka. Kichaka kitupu upande wa kushoto, mbali kabisa na wale wanyama, na uso wake ulikuwa umejaa furaha ya mtu anayeonyeshwa mtoto mchanga.

Kwanza nilidhani anatania. Kisha nikamwona Mama. Alikuwa hatazami palahala. Alikuwa anamtazama Baba, amejiziba mdomo kwa ncha ya leso.

"Baba," nikasema, "si hapo."

Tabasamu lilibaki usoni, lakini lilikuwa halina mwenyewe tena. "Wapi, Mwaitu?" Aliniita hivyo siku zote, yaani mama yangu kwa Kikamba, kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

"Kule. Kulia."

Akageuka, akapitiliza. Akarudi, akapitiliza tena. Macho yake yalihangaika juu ya ule mteremko kama mkono wa mtu anayetafuta kiberiti gizani. Askari akashusha kidole chake.

Nilisogea kwa magoti mpaka mbele yake. Sikuwahi kumshika Baba uso. Kwetu mtoto hamshiki baba yake uso. Niliweka mikono yangu kwenye mashavu yake, ndevu zikakwaruza viganja kama msasa, nikamgeuza kichwa polepole.

"Bado," alisema. "Bado."

Nikamgeuza kidogo.

"Umepita. Rudisha."

Nikarudisha. Nikamwinua kidevu.

"Hapo," akasema. "Usiniachie."

Sikumwachia. Mikono ilianza kuuma na sikuishusha. Yule mnyama alisimama tu, kana kwamba na yeye alijua ametafutwa kwa muda mrefu, na Baba akaanza kusema kwa sauti ya chini, sauti aliyotumia karakanani akiongea na mti.

"Zinapinda tangu kichwani. Unaona? Mimi nilikuwa naziacha ziende juu kwanza, ndipo nazipinda. Ndiyo maana zikawa za mbuzi. Yule bwana alisema kweli." Kisha akasema, "Nipeleke kwenye shingo." Nikasogeza kichwa chake kiasi cha upana wa ukucha. "Sasa tumbo." Nikamsogeza tena. Alikuwa anamwona kwa vipande, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo.

Sijui ilikuwa dakika ngapi. Palahala aliinua kichwa, akatembea bila haraka, wale wanne wakamfuata, na nyasi zikafunga nyuma yao.

"Ameenda," nikasema.

"Nimeona," Baba akasema. "Nimeona alivyoenda." Hilo sikujua kama ni kweli, na sikuuliza.

Askari alisimama, goti likalia, akampa Baba mkono wa kumwinua. "Shika bega hili, fundi," alimwambia. "Goti ndilo bovu. Bega ni zima." Wakaondoka hivyo, wawili mbele, mkono wa Baba juu ya bega la askari, na hakuna aliyekanyagwa kisigino.

Mama alituzuia nyuma kidogo, mimi na kaka. Alituambia wote wawili tukiwa tunatembea, hakusimama. Daktari alikuwa amesema ni presha ya macho. Kwanza yanakufa pembeni, kisha yanaendelea kufa kuelekea katikati, na kilichokwisha kufa hakirudi. Baba alijua tangu Pasaka. Alikuwa bado anaona kitu kilichoko mbele yake mkononi, lakini hata hicho hakuna aliyejua kitakaa muda gani.

"Hakutaka mjue," Mama akasema. "Sasa mmejua. Msimwonee huruma mbele yake, hapendi."

Kaka alienda mbele, akaanza kuondoa matawi njiani. Mama alitembea kando yangu. Uso wake ulikuwa umechoka kwa namna ambayo usingizi hauondoi. Nilitaka kumwomba msamaha kwa ile chuki ya usiku, lakini alinishika mkono kabla sijapata maneno, akanishika hivyo saa nne nzima mpaka langoni.

Jumamosi lori likaja. Tulikaa juu ya magunia matupu, na njia yote Baba aliniuliza. Masikio yake yalikuwa makubwa au madogo? Mkia uliishia wapi? Wale wa kahawia nao walikuwa na pembe? Nilijibu kila swali, na nilipokuwa sina hakika nilisema sina hakika, na alipenda hilo.

Alipofika nyumbani alichonga palahala wapya. Walikuwa wanyama wa kweli, wenye shingo nene na pembe zinazopinda tangu kichwani. Unajua maduka yalisema nini? Yalisema wateja wamezoea wale wa zamani. Baba alicheka mpaka akatoka machozi, akarudi kwenye pembe za mbuzi kwa ajili ya maduka, na zile za kweli akachonga kwa ajili yake mwenyewe na kugawia watu: dereva, mwalimu, askari wa goti. Kwa miaka mitatu hivi. Kisha akachonga bakuli na miko kwa kupapasa. Kisha tezo ikamkata mguu, na Mama akaificha. Mwisho akatuomba kazi yetu ya msasa. Alikaa mlangoni pale tulipokuwa tukikaa, akasugua wanyama waliochongwa na wengine, na wenzake walisema hakuna kinyago kilichokuwa laini kama kilichotoka kwake.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimtembeza. Kaka aliingia kazi ya udereva wa masafa, Mama aliendelea kufagia ofisi za watu mpaka alipostaafu, na sasa yuko kwao magharibi, ameketi hatimaye, na magoti hayamruhusu kufurahia. Kila Jumapili baada ya kanisa, Baba alinishika kiwiko, tukazunguka mtaa. Sikuacha hata nilipoolewa nikahamia Tena. Tulipita karibu na soko la nyama la Burma akavuta pumzi akaniambia nyama ya nani imeungua. Vingine vyote aliniuliza, nami nikamwambia. Nani amepaka mlango rangi. Nani ameanika nini. Ukumbi wa mtaa umefungwa au una watu.

Na Kaloleni ilikuwa inaondoka, ndugu yangu, kipande kwa kipande, mbele ya macho yangu. Ile nyasi ya katikati ya nyumba, tulipocheza mchezo wetu wa bladaa, ilijengwa vibanda vya mabati. Vigae vyekundu vya paa vilivunjika vikazibwa na karatasi za nailoni. Na ile safu ya mijakaranda kando ya njia ya kanisani ilikatwa yote, wiki moja, na mashina yakang'olewa. Jumapili iliyofuata Baba aliniuliza, "Mijakaranda imeshachanua?" Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimefanya kazi siku sita, na mtoto alikuwa mgonjwa, na sikuwa na nguvu ya kumkatia miti yake. Nikasema, "Imechanua, Baba. Njia yote ni zambarau."

Uongo wa kwanza ndio mzito. Baada ya hapo nilimwachia nyasi yake, nikamwachia vigae vyake, nikamwachia jirani aliyekuwa ameshahama akiwa bado anamwagilia maua. Miaka kadhaa nilimtembeza katika mtaa uliokuwa mdomoni mwangu tu. Aliposikia nyundo juu ya mabati nilimwambia wanakarabati ukumbi. Hakuuliza mbona ukarabati hauishi.

Mara moja, mwaka wake wa mwisho, mwezi wa jua kali, tulikuwa kwenye ile njia ya kanisani. Alisimama ghafla pale penye uwazi mtupu, akavua kofia, jua likampiga utosini. Alikaa hivyo kitambo, uso ameuinua juu. Nilijua amejua.

"Mijakaranda ya siku hizi," akasema, "haina kivuli."

"Ndiyo, Baba," nikasema.

Akavaa kofia yake, akanishika kiwiko. "Haya, Mwaitu," akasema, "niambie rangi yake ikoje leo." Nikamwambia.

Ni miaka mitatu tangu tumzike. Nikipita njia ile sasa ninaona kila kitu kama kilivyo, kuta, mabati, mifereji, na hakuna anayeniuliza.